Picha moja inatosha kuingiza mwizi

Mu Septemba 2023, Apple na Citizen Lab ya Toronto waliambia Google kwamba libwebp, programu ya kufungua picha, ina tundu: picha ya mtego ilijaza memoria kupita kipimo, na mwizi akapitia hapo. Programu ile iko mu Chrome, mu Firefox, mu Android. Chrome ilizibwa tarehe 11 Septemba, Android mu Oktoba. Lakini telefone za zamani tunazouziwa huku Kolwezi, waliozitengeneza walishaziacha. Na ndani yake ndimo mushahara wa mchimbaji unalala. Tena nani atanunua mega za matengenezo wakati unga umeisha mu nyumba? Kompanyi za mitandao, zinazojua sana kukata mega zetu, zipitishe matengenezo haya bure.