Binti Anarudi kutoka Maskati: Amana Yake Iko Wapi?

 

Ndugu zetu katika imani, tunaandika juu ya dhulma inayotendeka mbele ya macho yetu, nasi tumeinyamazia. Mabinti wa Matombo, kama wenzao wa sehemu nyingine za Tanzania, wanakwenda Oman na nchi nyingine za Ghuba kufanya kazi za ndani. Mkataba wa kawaida ni wa miaka 2, na wapo wanaouongeza tena na tena hadi miaka inakatika. Siku ya kurudi ikikaribia, yeye huko anahesabu siku. Sisi huku tunahesabu mabegi. Blanketi ni la nani? Simu ni ya nani? Wengine wameshakodi ngoma na gari la kumpokea mjini Morogoro. Lakini fedha alizozituma mwezi baada ya mwezi, kwa ajili ya kiwanja, matofali na mabati, hakuna anayeziulizia. Anafika, anaonyeshwa msingi uliomea majani. Akiuliza, anaambiwa ameharibiwa na Uarabuni, hana adabu tena kwa wakubwa.

Waislamu! Hebu tujikumbushe namna Mtume (S.A.W.) alivyojiandaa kuuhama mji wa Makka mwaka 622. Maadui walikwisha kula njama za kumuua, na kila saa ilikuwa ya hatari. Juu ya hayo, waandishi wa Sira wanasimulia kwamba alimwacha nyuma Ali (r.a.) ili azirudishe amana za watu wa Makka, watu ambao wengi wao walikuwa wakimpinga. Ali alibaki siku tatu akimrudishia kila mtu chake, kisha ndipo akafuata. Ikiwa amana ya mpinzani ilirudishwa katika usiku wa kukimbia panga, ni udhuru gani alio nao mjomba, kaka au mume anayeila amana ya binti yake, dada yake au mkewe hali amekaa barazani kwa salama?

Tunazijua hoja zinazotolewa. Wa kwanza husema: "Alikuwa akitusaidia, na undugu ni kusaidiana." Tunajibu: sadaka ni ile aliyoitoa kwa nia ya sadaka. Aliyetuma fedha akasema ni za matofali, hizo ni za matofali. Aliyezigeuza bila ridhaa yake amekula amana, na Allah (S.W.) katika Suratun Nisaa, aya ya 58, ameamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe.

Wa pili husema: "Mimi ni mume, mali ya mke ni yangu." Huyu na asome aya ya 32 ya sura hiyo hiyo, atakuta kwamba wanawake wana fungu lao katika walichokichuma kama wanaume walivyo na lao. Matumizi ya nyumba ni wajibu wa mume. Mshahara wa mke ni mali ya mke.

Wa tatu husema: "Ardhi ni ya ukoo, na nyumba iliyo juu yake ni ya ukoo." Sisi tunajua kwamba kwa Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli. Hatuwatukani wazee wetu. Mila hiyo imewapa wanawake wengi mahali pa kulima. Lakini kauli ya mjomba juu ya shamba haimhalalishii jasho la mpwa wake. Hata Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inamtambulia mwanamke haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanamume.

Tumezoea kuwalaumu waajiri wa Ghuba, na lawama hiyo ina haki yake. Ripoti ya Human Rights Watch ya Novemba 2017 ilieleza jinsi Watanzania wafanyao kazi za ndani Oman na Emirati walivyonyang'anywa pasipoti, wakafanyishwa kazi saa nyingi na wengine wakanyimwa mishahara. Imo katika Sahihi Bukhari hadithi kwamba miongoni mwa watu watatu ambao Allah atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama ni yule aliyemwajiri mtu, akaipata kazi yake kamili, asimpe ujira wake. Basi na tujiulize: aliyenyimwa ujira na tajiri wa Maskati, na aliyepewa ujira wake ukaliwa na ndugu zake Matombo, wamepishana nini? Wote wawili wamerudi mikono mitupu.

Nawe dada unayejiandaa kurudi, jiandae kwa yaliyo mazito kabla ya zawadi. Dai mshahara wako uliobaki kabla hujapanda ndege. Ukizuiliwa pasipoti, ufikie ubalozi wetu uliopo Maskati. Lipa madeni yako ya huko. Orodhesha kila ulichotuma, tarehe na aliyepokea, na utunze ujumbe wa simu, kwani aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'an, aya ya 282 ya Suratul Baqara, ni ya kuandikiana madeni.

Kwa misikiti yetu tunasema wazi. Ni mingapi iliyopokea michango ya mabinti hawa kwa ajili ya mabati na mikeka, kisha waliporudi na kudhulumiwa ikasema ni mambo ya kifamilia? Sisi sote tuna sehemu katika aibu hii. Maimamu waitaje dhulma hii katika khutba. Kamati za misikiti zishuhudie maandishi baina ya anayesafiri na anayepokea fedha zake. Na aliyekula atoe hesabu kabla msafiri hajafika.

Mtume (S.A.W.) akirudi safarini alianzia msikitini, akaswali rakaa mbili. Binti yetu naye akianzia msikitini, awakute humo watu watakaosimama naye.

Wabillahi tawfiq.