Tarehe iandikwe namna moja tu



Kuna kitu kidogo chenye kuharibu kazi kubwa: namna tunavyoandika tarehe. Chukueni 04/03/2025. Kwetu Congo, juu tulisoma kwa Kifaransa, ile ni siku ya 4 ya mwezi wa tatu. Lakini ordinatere iliyopangwa kwa desturi ya Marekani inatanguliza mwezi; itasoma siku ya 3 ya mwezi wa ine. Haiulizi mutu. Inageuza tu na kunyamaza.

Kati ya zile siku mbili kuna siku 30. Maharagi mafupi yanakaa shambani karibu miezi mitatu, kumbe kosa lile ni theluthi ya maisha yake. Agronome akikusanya tarehe za kupanda za msimu B toka kooperative nyingi, kisha aseme «mwaka kesho mupande wiki hii», shauri lake limejengwa juu ya muchanga. Na mwenye kulala njaa hatakuwa yeye.

Wengine watasema: kosa kama lile litaonekana tu. Hapana. 25/03 itaonekana, juu hakuna mwezi wa 25. Lakini siku ya 1 mpaka ya 12 ya kila mwezi inaweza kugeuka bila mutu kujua. Mukitoa zile ambazo siku na mwezi ni sawasawa, kama 03/03, kunabaki siku 132 katika mwaka. Ile inapita theluthi ya mwaka muzima.

Dawa iko, na haiombi franka hata moja: mwaka kwanza, mwezi, halafu siku. 2025-03-04. Ndiyo kanuni ISO 8601, iliyotoka mwaka 1988. Mwaka ukitangulia, Mukongomani na Mmarekani wanasoma siku ileile. Tena, fishie zenye majina yaliyoanza hivyo zinajipanga zenyewe, ya zamani mbele, mupya nyuma.

Saa nayo inatusumbua. Kahawa mbivu inapaswa kumenywa siku ileile ilipovunwa. Tuseme ililetwa saa 10 ya jioni, ikamenywa saa 2 ya usiku: ni saa ine tu, kazi nzuri. Lakini karani akiandika «10» na «2», ordinatere inahesabu toka 10 ya asubuhi mpaka 2 ya usiku wa manane: saa 16! Kahawa safi inaonekana kama iliyolala ndani ya mufuko, na munöbei anapata sababu ya kushusha bei. Iandikwe 16:00 na 20:00, mambo yaishe.

Je, tunaacha Kiswahili chetu? Hata kidogo. Muzee aendelee kusema saa kumi ya jioni, tena amesema vizuri. Ni karani ndiye wa kugeuza, wakati anapoandika. Mudomo una desturi yake, fishie nayo ina yake.

Na kama fishie inatoka nje ya jimbo, tuonyeshe ni saa ya wapi. Bukavu, Goma na Lubumbashi ikiwa 09:00, Kinshasa ni 08:00, na Uganda ni 10:00. Ndiyo maana kanuni inaruhusu kuongeza +02:00 kwa saa yetu ya mashariki, na +01:00 kwa ile ya Kinshasa.

Lawama haiko kwa makarani peke yao. Kila shirika linakuja na fomu yake: hii inataka siku mbele, ile mwezi mbele, ingine haisemi kitu. Kooperative iko na haki ya kuikataa fomu isiyoonyesha wazi nafasi ya mwaka, mwezi na siku. Semeni bila haya.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Mukutano mukubwa ujao ukate shauri, na kanuni iandikwe kwenye jalada la kila kaye. Nguzo ya tarehe katika ordinatere ipangwe mwaka-mwezi-siku mbele ya kuingiza hesabu. Na fishie za zamani zisirekebishwe kwa kubahatisha: mufungue kaye ya karatasi, mulinganishe mustari kwa mustari. Ile kaye yenye vumbi ndiyo shahidi wenu, musiitupe.