Feni ya umeme haibebi mzigo

LUBUMBASHI – Miezi ya Septemba na Oktoba, kabla mvua haijaanza, joto linapanda mjini na vumbi la njia za udongo linaingia kila mahali. Ndio wakati trisikli za mizigo zinateseka zaidi. Na ndio wakati neno moja linasikika katika garaji za kando ya barabara, kuanzia Katuba na Kenya mpaka Ruashi: “Funga feni, moteri haitachemka tena.” Fundi anatoa ventilateri ya gari kuukuu, anaifunga kwa waya mbele ya silinda, anavuta nyaya mbili mpaka kwenye batri, anapokea pesa yake. Dereva anaondoka na furaha. Kesho yake anaongeza mifuko miwili ya unga juu ya mzigo wa kila siku.

Hapo ndipo udanganyifu unapoanza, na anayelipa si fundi wala mwenye trisikli. Anayelipa ni mama aliyekimbia vita Mitwaba ao Pweto pamoja na watoto, akakodi trisikli ili arudishe magodoro, sufuria na mbegu kijijini kwa sababu amesikia kumetulia. Moteri ikikwama katikati ya pori, anaambiwa angoje. Anangoja mpaka giza. Halafu trisikli nyingine inapita, bei inaanza upya, na pesa ya kwanza hairudi.

Feni yenyewe si kitu kibaya. Moteri inayopozwa na hewa haina maji wala radiateri. Ina mapezi ya chuma kuzunguka silinda, na upepo wa mwendo ndio unaoondoa joto. Kwenye lami ya kwenda Likasi, kilomita 120 hivi, upepo huo unatosha. Lakini kwenye mchanga, gia ya kwanza, mzigo umepita kipimo, moteri inalia huku trisikli inatembea kama mtu wa miguu. Joto linaongezeka na upepo haupo. Hapo feni inaweza kusaidia kweli.

Inaweza, kama imefungwa namna inavyotakiwa. Wazee wa mji wanakumbuka Volkswagen ya zamani, ile yenye moteri nyuma. Nayo ilipozwa na hewa, na feni yake ilizungushwa na mkanda. Vespa nayo ina feni kwenye gurudumu la moteri lenyewe. Lakini moteri hizo zote mbili zimevikwa bati linalolazimisha hewa ipite katikati ya mapezi. Ondoa bati lile, feni inapuliza pori. Na hicho ndicho kinachouzwa hapa: feni bila bati, mara nyingine imegeuzwa, inasukuma hewa kinyume cha upepo wa mwendo, hivyo trisikli ikikimbia, upepo na feni vinapigana mbele ya silinda.

Halafu kuna umeme, ambao hakuna anayeuhesabu. Feni ya radiateri ya gari inaweza kula ampea 10 ao zaidi kwa volti 12, maana yake wati 120. Batri ya pikipiki ya ampea-saa 7 ao 9 peke yake haiilishi hata saa moja. Jenereta ya moteri ndogo ilitengenezwa kwa cheche, taa na honi, na inatoa kidogo zaidi pale moteri inapozunguka polepole. Matokeo yake ni trisikli isiyo na taa usiku, kwenye njia ambayo malori ya madini pia yanapita. Na pale ambapo fundi hakuweka fyuzi, waya unaungua karibu na tangi la esansi. Feni ndogo ya ampea 3, yenye fyuzi, relei na swichi inayosikia joto la kichwa cha silinda, pamoja na bati la kuongoza hewa, ni kazi ya nusu siku. Anayeimaliza kwa dakika ishirini amefunga pambo.

Wako wanaojibu kwamba shida ni moteri za China. Jibu hilo ni rahisi mno. Viwanda vilevile vinatengeneza trisikli za mizigo mizito zenye moteri ya maji, radiateri na feni yake ya umeme kutoka kiwandani. Mwenye mali alichagua ya hewa kwa sababu bei yake ni nafuu na haimsumbui na maji njiani. Ni haki yake. Lakini alinunua pia mpaka wa mzigo, na mpaka huo haukuandikwa ili uvunjwe na ventilateri ya gari bovu.

Tena joto lingine linaletwa na mikono ya watu. Matope yanakauka katikati ya mapezi mpaka hayaonekani. Mafuta ya moteri yanaachwa mpaka yanakuwa meusi na mepesi kama chai. Kabureta inabanwa ili esansi ipite kidogo, eti kufanya ekonomi, na moteri inayopata esansi kidogo kuliko hewa inazidi kuchemka. Mwishowe mtu anamwaga ndoo ya maji baridi juu ya silinda inayowaka, chuma kinajikunja ghafula na kinaweza kupasuka. Brashi na maji, moteri ikiwa imepoa, havina bei ya feni hata moja.

Dereva si mjinga, anajua haya. Lakini jioni mwenye trisikli anangoja pesa yake ya siku, na hesabu ile haiulizi njia ilikuwa lami ao mchanga. Kwa hiyo dereva anapakia. Anayetaka moteri idumu aanze kwa kupunguza hesabu hiyo siku za safari ndefu, kabla hajamtuma kijana garaji.

Na jamaa zinazojiandaa kurudi wana maswali ya kuuliza pale parkingi, mzigo ukiwa bado chini. Trisikli hii ilitengenezwa kubeba kilo ngapi? Nani alifunga feni, na fyuzi iko wapi? Moteri ikikufa njiani, pesa inarudi kiasi gani? Nusu ilipwe wakati wa kupakia, nusu wakati wa kushusha, na ikubaliwe mbele ya mashahidi. Dereva akikataa, trisikli nyingine ziko palepale kwenye mstari.