Swali la Kwanza kwa Mgonjwa wa Kichwa

Mtu wa Msimbati au wa Kilambo akifika zahanati na kusema kwamba kichwa kinamwuma, neno hilo moja hubeba maradhi mengi: malaria, jua la kutwa nzima baharini, shinikizo la damu, macho, usingizi mchache. Aghalabu hupimwa malaria, hupewa vidonge, hurejea nyumbani akapona. Kwa wagonjwa walio wengi utaratibu huo watosha. Lakini mara chache huja mtu ambaye kichwa hakikuanza kumwuma kidogo kidogo. Alikuwa akivuta nyavu, au ameinama akifua, na katika muda wa dakika moja hivi maumivu yakafika kileleni, makali kuliko yote aliyopata kuyajua. Pengine alitapika, pengine alizirai akazinduka, baadaye shingo yaanza kukakamaa. Huyo hana budi kuulizwa: kilianza vipi, na saa ngapi?

Chini ya ubongo ateri kubwa hukutana na kufanya kitu kama pete, kisha hugawanyika matawi. Penye panda za matawi hayo ukuta wa mshipa husukumwa na damu kwa kila pigo la moyo, na kwa baadhi ya watu hudhoofika ukatokeza kivimbe kiitwacho aneurisimu. Waendesha baiskeli wanakijua kitu cha namna hiyo: tairi lililochakaa, ambalo mpira wa ndani umeanza kuchungulia upande mmoja. Wanafunzi wa fizikia nao watatambua jambo la hatari zaidi. Mvutano katika ukuta wa kifuko huongezeka kwa kadiri ya shinikizo na ya nusu kipenyo, hivyo kivimbe kinapokua ukuta wake hubeba mzigo mkubwa zaidi, ilhali wenyewe unazidi kuwa mwembamba. Watu wazima wapatao 3 katika kila 100 wanacho kivimbe hicho, na wengi wao hufa kwa mambo mengine bila kukijua. Uvutaji wa sigara na shinikizo la damu lisilotibiwa huongeza uwezekano wa kupasuka. Kikipasuka, damu huenea baina ya ngozi zinazoufunika ubongo. Theluthi ya wagonjwa au zaidi hufa. Aliyenusurika anakabiliwa na mpasuko wa pili, na hatari yake ni kubwa kuliko wakati wowote katika saa 24 za mwanzo.

Tiba yenyewe si siri. Mwaka 1927, mjini Lisbon, Egas Moniz alionyesha jinsi ya kupiga picha ya mishipa ya ubongo kwa kutia dawa ndani ya damu. Mwaka 1937 Walter Dandy wa Baltimore alifungua fuvu akaibana shingo ya kivimbe kwa klipu ndogo ya fedha. Mashine ya CT ilimpiga picha mgonjwa wa kwanza London mwaka 1971. Tangu mwaka 1990, kwa kazi ya Guido Guglielmi, kivimbe chaweza kujazwa nyuzi laini za platinamu zinazopitishwa katika mshipa wa paja, fuvu lisiguswe.

Orodha hiyo humfanya mtu wa Kusini aone kwamba shauri hili ni la miji ya mbali, na kwa sehemu haki anayo. Kituo kikuu cha taifa cha upasuaji wa ubongo ni Taasisi ya MOI pale Muhimbili, zaidi ya kilometa 500 kutoka Mtwara. Na Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, mvua ilikata barabara huko Lindi, magari yakakwama. Hata hivyo Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, iliyoanza kutoa huduma Mitengo mwaka 2021, ina mashine ya CT. Picha haingoji tena safari ya Dar es Salaam. Kinachopotea sasa ni saa zinazopita kabla ya mtu yeyote kuwazia picha.

Saa hizo hupotea kwa sababu inayoeleweka. Kipimo cha malaria kikionyesha vimelea, mganga huona kazi imekwisha, ilhali katika pwani hii mtu mzima aweza kuwa na vimelea damuni na bado akawa anavuja damu kichwani. Yafaa pia kusema kwamba jamaa wanaodai mgonjwa “amepigwa” na jini wameona jambo la kweli kuliko daftari lililoandikwa “kichwa kuuma”: wameuona ule ughafula.

Je, kila mwenye kichwa apelekwe Mitengo? La, hospitali ingefurika kwa juma moja. Apelekwe yule ambaye maumivu yalimfikia kileleni ghafla, na apelekwe siku ile ile. Picha ya CT ikipigwa ndani ya saa 6 na kusomwa na mjuzi, ni nadra sana damu kuikwepa. Baada ya juma moja, karibu nusu ya wagonjwa damu haionekani tena. Picha ikiwa safi na muda umepita, ipo sindano ya uti wa mgongo, ile ile itumikayo kutafuta homa ya uti wa mgongo: maji yaliyogeuka manjano baada ya saa 12 hivi hutoa ushahidi kwa muda wa majuma mawili. Hata nimodipini, dawa ipunguzayo madhara ya mishipa kujikaza baada ya kuvuja, ni kidonge kinachomezwa kila baada ya saa 4 kwa siku 21. Hakihitaji chumba cha upasuaji, na yafaa kisikosekane katika hospitali ya kanda.

Mwalimu wa baiolojia afundishaye mzunguko wa damu aweza kuyaeleza haya kwa kipindi kimoja, na mwanafunzi akayafikisha nyumbani. Chuo cha waganga wasaidizi kilichopo Mtwara chaweza kulikazia swali la mwanzo wa maumivu kama kinavyokazia kipimo cha homa. Na jibu la swali hilo liandikwe katika barua ya rufaa, saa na siku, kwa maana daktari anayeitazama picha safi hana njia nyingine ya kujua kama ni safi ya saa ya nne au ya siku ya nne.