Sufuria Moja ya Kuku na Mboga: Chakula cha Mgonjwa Kiwe Chakula cha Nyumba Nzima

Mgonjwa wa kisukari anayetoka kliniki mjini Dodoma na kurejea Zuzu jioni hubeba vitu viwili: dawa za mwezi mzima na orodha ya makatazo. Asile mafuta. Apunguze chumvi. Apunguze ugali. Ale mboga kwa wingi, na nyama yake iwe ya kuchemsha. Dawa zina maelekezo kamili: kidonge kimoja asubuhi, kimoja jioni, baada ya chakula. Orodha ya vyakula haina maelekezo ya namna hiyo. Haisemi mboga hizo zipikwe vipi, kwa moto gani na kwa mkono wa nani, wala haisemi kama wajukuu nao watakula hicho hicho.

Kinachofuata nyumbani kinajulikana na kila mhudumu wa afya aliyewahi kuwatembelea wagonjwa. Hubandikwa sufuria mbili. Ya kwanza ni ya nyumba nzima. Ina mafuta, chumvi, vidonge vya kuungia mchuzi na harufu inayofika kwa jirani. Ya pili ni ndogo, ya mgonjwa. Ndani yake mna kipande cha kuku kilichochemshwa hadi kikapauka na mchicha uliolowa maji. Mgonjwa hula peke yake, pembeni. Mama mwenye nyumba huchoma mkaa mara mbili. Wiki ya tatu haifiki kabla sufuria ndogo haijapotea, na siku ya kliniki sukari ikionekana imepanda, mgonjwa huambiwa kwamba ni mkaidi.

Lawama hiyo si yake. Ushauri unaomtenga mtu na sinia la jamaa zake ni ushauri mbaya, hata kama kila neno lake ni sahihi kitaalamu. Badala ya kumpikia mgonjwa chakula chake, ingefaa nyumba nzima ihamie kwenye chakula kinachomfaa mgonjwa, mradi kiwe kitamu na kisiongeze kazi jikoni. Kuku aliyeokwa pamoja na mboga katika sufuria moja ni mfano mzuri wa chakula hicho. Wapishi wa ng'ambo hukipika kwa trei ndani ya oveni. Zuzu oveni ni chache, lakini njia ya kuoka bila oveni ipo tangu zamani, nayo ni kupalia: makaa machache chini ya sufuria, makaa mengi juu ya mfuniko. Wapishi wa pwani hupika hivyo wali na mkate wa kumimina. Hakuna sababu ya kuku kukataa.

Mapishi yenyewe ni mepesi. Kwa watu sita, kuku mmoja hukatwa vipande kumi au kumi na viwili. Kuku wa kienyeji ana nyama ngumu, kwa hiyo huchemshwa kwanza kwa maji kidogo, tangawizi na kitunguu saumu hadi alainike. Kuku wa kisasa hahitaji hatua hiyo. Mboga huoshwa na kukatwa kabla ya kuku kuguswa, ili kisu na ubao visihamishe vijidudu vya nyama mbichi. Boga, karoti, bilinganya, nyanya chungu, hoho na vitunguu hukatwa vipande vikubwa na kutandazwa chini ya sufuria, kiasi ambacho vipande vya kuku vikipangwa juu yake, mboga ziwe nyingi kuliko nyama. Hunyunyizwa vijiko viwili vya chakula vya mafuta ya alizeti, maji ya ndimu, pilipili manga, na chumvi kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kwa kidole. Ile supu iliyobaki baada ya kuchemsha kuku humiminwa kidogo ili mboga zisiungue. Mfuniko hufungwa, makaa hupangwa, na sufuria huachwa kwa takribani dakika arobaini. Kuku ameiva pale kipande kinene kikichomwa kwa kisu karibu na mfupa kinapotoa maji meupe yasiyo na damu; mwenye kipimajoto atafute nyuzijoto 74. Anayetumia gesi hawezi kupata moto wa juu, hivyo apike kwa moto mdogo na ageuze vipande nusu ya safari. Rangi ya kahawia itakuwa hafifu, ladha haitapungua sana.

Hapo penye vijiko viwili vya mafuta, wagonjwa wengi watashtuka, maana wamezoea kusikia kwamba mafuta ni sumu. Si kweli. Kinachodhuru ni wingi, aina, na tabia ya kukaangia mafuta yale yale siku baada ya siku. Rangi ya njano ya boga na karoti ni dalili ya viini ambavyo mwili huvigeuza kuwa vitamini A, na viini hivyo havifyonzwi vizuri tumboni pasipo mafuta kidogo. Boga lililochemshwa kwa maji matupu, kisha maji yakamwagwa, limepoteza sehemu ya vitamini C na bado halijatoa vizuri ile A. Ndani ya sufuria iliyofunikwa hakuna maji yanayomwagwa. Kilichotoka kwenye mboga hubaki kwenye rojo, na rojo huliwa. Kipo pia kisa cha madini ya chuma, kinachowahusu hasa wajawazito na watoto. Chuma kilichomo katika mboga za majani na kunde hufyonzwa kwa shida, lakini nyama na tindikali ya ndimu vikiwemo katika mlo huo huo, ufyonzaji huongezeka. Chai ya rangi inayofuata mara tu baada ya chakula hufanya kinyume chake, na ingefaa ingoje saa moja au mbili.

Chumvi inataka hesabu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, ambazo ni takribani kijiko kimoja cha chai. Kijiko hicho kikitumika kwa sufuria ya watu sita, kila mmoja anapata chini ya gramu moja katika mlo huo, na ugali hautiwi chumvi. Hesabu hiyo huvurugika kwa vitu viwili ambavyo watu hawavihesabu kuwa chumvi. Kimoja ni vile vidonge na unga wa kuungia mchuzi, ambao kwa sehemu kubwa ni chumvi iliyotiwa rangi na harufu. Kingine ni magadi. Uwanda wa kati ni nchi ya mlenda, na mlenda huwekewa magadi uteleze na uive upesi. Magadi yana sodiamu, kama chumvi ilivyo na sodiamu, na tena huharibu baadhi ya vitamini za mboga. Mgonjwa wa shinikizo la damu anaweza kuapa kwamba ameacha chumvi, na akawa mkweli, huku kila jioni akila mlenda wa magadi. Mlenda wenyewe hauna hatia; una nyuzinyuzi nyingi na ni rafiki wa mwenye kisukari. Swali la magadi lingepaswa kuulizwa kliniki kila mara, na huulizwa mara chache mno.

Ukubwa wa tatizo si wa kubahatisha. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kuhusu viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza, uliowahusu watu wazima wa miaka 25 hadi 64, ulionyesha kwamba takribani robo walikuwa na shinikizo la juu la damu, na takribani 9 kati ya kila 100 walikuwa na kisukari. Waliokula chini ya sehemu tano za matunda na mboga kwa siku walikuwa asilimia 97. Takwimu hiyo ya mwisho inaonyesha kwamba ushauri wa kula mboga kwa wingi haumhusu mgonjwa pekee. Watu wote wa nyumba wanauhitaji, na ndiyo maana sufuria ya pili haina sababu ya kuwepo.

Watakaopinga wana hoja nzito, na iliyo nzito zaidi ni kuku mwenyewe. Katika kijiji cha Ugogo kuku ni akiba. Huuzwa mtoto akidaiwa daftari, huchinjwa mgeni akibisha hodi, na hupelekwa sokoni siku nauli ya kliniki inapokosekana. Kumwambia mama wa Zuzu ale kuku kila Jumatatu ni kumwambia ale benki yake. Ushauri huu haudai hivyo. Sufuria hiyo hiyo, kwa mpango huo huo wa mboga chini na moto juu na chini, hupokea samaki wa Bwawa la Mtera, hupokea mayai yanayopasuliwa juu ya mboga dakika za mwisho, hupokea kunde au njugu mawe zilizochemshwa tayari. Kuku akipatikana, nusu ya kuku inatosha watu sita, kwa kuwa mboga ndizo zinazojaza sufuria. Na mboga zenyewe zina msimu. Mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili, na kiasi chake hakizidi sana milimita 600 kwa mwaka. Kiangazi, asiye na kisima au bonde lenye unyevu hununua nyanya kwa bei ya mjini. Boga lililovunwa likiwa limekomaa hukaa miezi kivulini bila kuoza. Pengine ndiyo mboga ya kupewa heshima zaidi katika mapishi haya, ingawa wageni wakija hufichwa kama chakula cha njaa.

Hoja ya pili ni ya moto. Zuzu inajulikana nchini kwa kituo chake kikubwa cha kupoza umeme, ambapo nyaya za msongo mkubwa hupita juu ya mashamba zikipeleka nguvu mbali. Chini ya nyaya hizo bado kuna majiko ya kuni na mkaa. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Hadi hapo, kupikia sufuria moja badala ya mbili ni kupunguza muda ambao mwanamke na mtoto aliye mgongoni mwake wanavuta moshi. Faida hiyo ni kubwa zaidi kwa wanaoishi bado katika tembe, nyumba ya asili ya Wagogo yenye paa la udongo na matundu madogo ya hewa. Makaa ya kupalia yana hatari yake: jiko lisiwekwe chumbani milango ikiwa imefungwa, kwa sababu hewa ya mkaa huua mtu bila harufu ya kumwonya, na watoto wakae mbali na mfuniko uliobeba moto.

Mhudumu wa afya asiyachukue mapishi haya kama dawa ya watu wote kwa kipimo kimoja. Viazi vikitiwa sufuriani vihesabiwe kuwa wanga, na tonge la ugali lipungue kwa kadiri hiyo; kosa hili ndilo la kawaida kwa wenye kisukari wanaoamini kwamba kiazi kitamu ni mboga. Mgonjwa wa figo aliyeambiwa apunguze potasiamu asijaziwe boga na nyanya kabla ya kuzungumza na daktari wake. Anayechoma insulini ahakikishe chakula kinakaribia kuiva kabla ya kujichoma, maana kuku wa kienyeji hana saa. Mabaki yasikae nje zaidi ya saa mbili, na yakipashwa yapashwe hadi yachemke.

Limebaki jambo ambalo sufuria haiwezi kulitatua peke yake, nalo ni ugawaji. Nyumba nyingi zina desturi: firigisi ni ya baba, paja ni la mgeni, watoto hupata shingo, miguu na mchuzi. Mama mjamzito, ambaye damu yake ndiyo inayohitaji nyama hiyo kuliko ya mtu yeyote, hula mwisho, na hula kilichobaki. Ripoti ya utafiti wa demografia na afya ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba watoto 30 kati ya kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Baadhi yao wanaishi katika nyumba zenye kuku uani.

Firigisi si lazima imwondoke baba. Heshima yake haipimwi hospitalini. Lakini vipande vikikatwa vidogo na kuchanganywa na mboga, mgawaji hupata shida kutambua kipi ni cha nani, na mwiko huchota kwa usawa zaidi kuliko mkono unaochagua. Kwa hiyo muuguzi anapomaliza kupima sukari na kuandika tarehe ya kurudi, aulize maswali mawili zaidi: nyumbani kunabandikwa sufuria ngapi, na nani hupakuliwa wa mwisho. Na kama anayepika amekuja na mgonjwa na amekaa benchi nje akisubiri, aitwe ndani kabla ya majibu hayajaandikwa.