Paneli ya Pili Juu ya Paa la Gari



Alitujia ndugu yetu mmoja, mstaafu, pamoja na mkewe. Gari lao aina ya Toyota HiAce wameligeuza nyumba ndogo: mna kitanda, jiko la gesi, taa mbili na friji ndogo ya volti 12. Wana wao wametawanyika Malindi, Garsen na Lamu, nao wazee wawili huzunguka kuwatazama wajukuu. Gari huliacha Mokowe wanapovuka maji kwenda kisiwani. Friji ile si ya anasa, kwani ndani yake mna insulini ya bibi.

"Maalim," alitwambia bibi, "ikifika alfajiri friji huwa imezima. Nikishika kichupa nakiona kina uvuguvugu."

Mumewe alikuwa ameshapata dawa ya maradhi hayo. Alikuwa amenunua paneli ya pili ya jua, kubwa, ya wati 330, kwa bei aliyoisifu sana, na fundi alikuwa tayari kupanda juu ya paa siku ile ile. Alikuja kwetu kuazima ngazi tu. Kwa kuwa sola ya madrasa tumeitunza miaka mingi, na makosa yake mengi tumeyafanya kwa mikono yetu wenyewe, tulimwomba asubiri hadi kesho, tukaketi na kalamu.

Friji ile hula wati 45 inapofanya kazi. Katika joto letu hufanya kazi takriban nusu ya siku. Saa 12 mara wati 45 ni wati-saa 540 kila siku, kabla ya kuwasha taa wala kuchaji simu. Paneli waliyokuwa nayo ni ya wati 100. Siku njema ya Pwani twaweza kuihesabu kuwa na saa 5 za jua kamili, basi pato ni wati-saa 500 kwenye karatasi. Lakini paneli haipendi joto: kila nyuzi moja kupita 25 huipunguzia karibu asilimia 0.4 ya nguvu zake. Ikilala juu ya bati la gari ikafika nyuzi 65, asilimia 16 imekwenda. Ukiondoa na vumbi, na waya mwembamba, hubaki kama 350 hivi. Kinachotoka kinazidi kinachoingia, na betri, hata ingekuwa mpya, haiwezi kutoa isichopewa. Kwa hiyo mzee wetu hakukosea kutaka paneli ya pili. Alikosea paneli aliyoichagua.

Baina ya paneli na betri kuna kijisanduku ambacho mafundi hukiita kontrola. Kazi yake ni kuilinda betri isijazwe kupita kiasi. Chake kilikuwa cha ampea 10, cha aina rahisi iitwayo PWM. Aina hii haibadilishi volti. Huiteremsha paneli ifanye kazi kwa volti za betri, na zinazozidi hupotea. Paneli yake ndogo hufanya kazi kwa volti kama 18, nayo yafaa kwa betri ya 12. Ile kubwa imeundwa kwa ajili ya mapaa ya nyumba, hufanya kazi kwa volti kama 37 na hutoa ampea 9 hivi. Ampea 9 mara volti 13 za betri ni wati 117. Amelipia 330, atapata 117! Tena, paneli hiyo isipokuwa na mzigo hufika volti 46, kiasi ambacho kontrola nyingi ndogo za volti 12 hazikiwezi. Na zikiunganishwa zote mbili, ampea zinapita 14 katika kijisanduku cha 10. Wazee hawa hulala ndani ya gari hilo, hatua moja kutoka kwa nyaya hizo.

Ipo kontrola ya aina ya MPPT, ambayo huzigeuza volti za ziada kuwa ampea, na kwayo paneli kubwa ingefaa. Bei yake ilizidi mfuko wa mzee. Basi muuza duka, Mungu amlipe kheri, alikubali kuipokea ile kubwa na kumpa ya wati 100 iliyolingana na ya kwanza, pamoja na kontrola ya ampea 20.

Fundi alizifunga paneli mbili sambamba: chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Volti hubaki zile zile 18, ampea hujumlishwa kuwa 11. Angezifunga kwa mfuatano, volti zingejumlishwa, na kontrola ya PWM ingezitupa. Waya wa zamani ulikuwa wa milimita mraba 2.5, tukauondoa, tukaweka wa 6, kwa sababu waya mwembamba hula volti njiani na hupata moto. Fyuzi iliwekwa karibu kabisa na betri. Chini ya kila paneli tuliacha nafasi ya vidole viwili ili upepo upite.

Kwa wale watakaosimamia kazi kama hii nyumbani, shikeni mpango huu: betri huunganishwa na kontrola kwanza, paneli mwisho, wakati wa kufungua, paneli hutangulia kutolewa. Nayo paneli ifunikwe kwa blanketi muda wote huo, kwani maadamu inaona jua ina umeme. Betri ya maji ya asidi hutoa gesi inayoweza kuwaka inapochajiwa, hivyo sanduku lake lilitobolewa tundu la kutolea hewa nje ya gari.

Kuhusu insulini, ambayo haijafunguliwa hutunzwa baina ya nyuzi 2 na 8, na isigande abadani. Isigusane na ukuta wenye barafu. Iliyofunguliwa, aina nyingi hustahimili nje ya friji kwa wiki 4 hivi kama joto halizidi kiwango kilichoandikwa katika karatasi ya dawa. Gari lililofungwa juani hupita kiwango hicho mapema sana. Bibi tulimpa kipimajoto kidogo akiweke kando ya vichupa. Siku za masika, wingu likikaa siku mbili mfululizo, hata paneli mbili hazitoshi, na tulimwomba dawa aiache katika friji ya bintiye.

Jumatatu walitupigia simu kutoka Malindi. Alfajiri kipimajoto kilisoma nyuzi 6. Lakini kumezuka ubishi mpya: mzee ataka kuliegesha gari chini ya mwembe apate kupumzika kivulini, na kivuli cha tawi moja likiangukia paneli chatosha kuikata nguvu karibu yote. Bibi ndiye ashikaye ufunguo wa gari sasa. Mzee amepewa mkeka, alale chini ya mwembe peke yake.