Mfadhili wa kesi akatwe kwa nani?

Wadau, leo naomba niguse kitu ambacho wenzetu wa sheria wamekikalia peke yao: wafadhili wa kesi. Yaani kampuni isiyohusika kabisa na ugomvi wenu inakulipia mawakili. Ukishinda, inachukua chake kwenye fidia. Ukishindwa, hasara ni yake. Si kama bumu letu jamani, ambalo hata ukidisko deni liko palepale!

Uingereza jambo hili lilipigwa marufuku tangu karne ya 13, na sababu ilikuwepo. Mabwana wakubwa walikuwa wananunua sehemu ya madai ya watu, halafu wanatumia ubabe wao mahakamani. Kosa hilo lilifutwa mwaka 1967, ila mikataba yenyewe iliendelea kutiliwa shaka. Mwaka 2005, kwenye kesi ya Arkin, Mahakama ya Rufani ikasema mfadhili akishindwa naye achangie gharama za aliyeshinda. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ya Australia ikawakubali wafadhili kwenye kesi ya Fostif. Leo ni biashara kubwa. Kampuni ya Burford, iliyoanzishwa 2009, hisa zake zinauzwa hadi New York.

Wapo wanaosema hii ni kamari tu. Mimi nasema waangalie kesi ya Posta ya Uingereza. Programu ya kompyuta iitwayo Horizon ilikuwa inaonyesha upungufu wa pesa ambao haupo, na wasimamizi wa vituo vya posta wakaambiwa wameiba. Wengine walifungwa, wengine wakafilisika. Alan Bates na wenzake, jumla yao 555, wakaishitaki Posta. Kina sie wale wangetoa wapi hela ya kupambana na shirika la serikali? Akapatikana mfadhili, kampuni ya Therium. Desemba 2019 Posta ikakubali kulipa pauni milioni 57.75, na siku chache baadaye hukumu ya Jaji Fraser ikathibitisha kwamba Horizon ilikuwa na kasoro.

Sasa hapa ndipo patamu, au pachungu. Mawakili na mfadhili walipochukua chao, zilibaki kama milioni 12 tu. Gawanya kwa watu 555: wastani wa pauni elfu ishirini na kitu kwa mtu aliyepoteza nyumba na jina! Baadaye serikali ililazimika kuanzisha mpango mwingine wa fidia kwa watu haohao.

Wengi wanamlaumu mfadhili. Mimi simo. Bila yeye wale watu wangekufa na jina la wizi. Nani mwingine alikuwa tayari kuweka mamilioni kwenye kesi ambayo huenda ingeshindwa? Ninachopinga ni kwamba fungu la mfadhili linakatwa kwenye fidia ya mwenye machungu. Kawaida mahakama za kule humwamuru aliyeshindwa alipe sehemu kubwa ya gharama za mwenzake, ila fungu la mfadhili halimo. Kwa nini? Aliyekataa ukweli miaka nenda rudi na kuifanya kesi iwe ghali ni Posta. Basi na bili ya mfadhili impate yeye, jaji akiikagua kwanza ili mfadhili naye asijichotee anavyotaka.

Vinginevyo kila shirika kubwa litajua siri: vuta kesi, ongeza gharama, mnyonge akishinda atabaki na makombo.

Mnasemaje wadau? Hasa nyie wa sheria, msinune, njooni tubishane.